Naomba Kuona Karatasi Yangu, Mwalimu

Karatasi za mtihani wa muhula zinaporudishwa, kitu cha kwanza anachotafuta mwanafunzi ni ile namba iliyozungushiwa duara jekundu. Cha pili ni karatasi ya jirani. Hapo ndipo maneno huanza: mbona swali la nne tumejibu sawasawa, yeye kapewa saba, mimi nne? Wengi hukunja karatasi wakaitia kwenye begi. Wachache humfuata mwalimu hadi ofisini na kuomba aitazame tena. Kinachowapata hao wachache ndicho makala haya yanakifuata, kutoka kwenye madarasa ya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hadi kwenye meza za serikali ambako matokeo ya nchi nzima yaliwahi kufutwa na kupangwa upya.

Msamiati wa ugomvi huu wanafunzi wote wanao. Mwalimu fulani "anabania maksi". Mwingine "ana watu wake". Wa tatu ndiye yule anayesahihisha kwa jina, si kwa jibu. Walimu nao wana wao: mtoto anayeuliza ni "mjuaji", ama "ana mdomo". Swali lililoanza kama swali la hesabu, saba au nne, linaweza kugeuka kesi ya nidhamu kabla kengele haijagonga. Likishafika huko, maksi husahaulika kabisa. Kinachojadiliwa ni sauti aliyotumia mtoto, na kama aliamkia alipoingia.

Hofu hiyo ina mizizi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye. Kuuliza maksi si kosa kubwa la nidhamu, wala si kosa dogo. Lakini mtoto wa miaka kumi na sita aliyesimama peke yake mbele ya walimu sita ofisini hana namna ya kuwa na uhakika kwamba wote wanalijua hilo.

Mbulu na Hanang zina sababu yao wenyewe ya kugombana juu ya maksi, nayo ni lugha. Pengine hakuna eneo lingine nchini ambako lugha zilizo mbalimbali kiasi hiki zimekaa karibukaribu hivi. Kiiraqw, lugha ya wengi wa Mbulu, ni ya Kikushi. Kidatoga, kinachozungumzwa na Wabarabaig wa tambarare za Hanang, ni cha Kiniloti. Wanyaturu, Wanyiramba na Warangi walioenea pembezoni wana lugha za Kibantu. Huko bonde la Yaeda, Wahadzabe wana lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Mtoto anayepanda kutoka Yaeda Chini kwenda mjini Mbulu, au anayeshuka kutoka mitelemko ya Mlima Hanang kwenda Katesh, hukutana na Kiswahili shuleni kama lugha ya pili. Akifika kidato cha kwanza, Kiingereza kinampokea kama lugha ya tatu, baada ya wiki chache za kozi ya msingi ambazo kila mwalimu wa lugha anajua hazitoshi.

Sasa mpe mtihani wa Baiolojia. Swali linauliza juu ya mmeng'enyo wa chakula tumboni mwa ng'ombe. Kijana wa Kibarabaig amechunga tangu alipoweza kushika fimbo. Ameona ng'ombe akichinjwa, anajua matumbo manne kwa majina ya kwao, anajua mnyama akivimbiwa hufanywa nini. Kwa Kiingereza anaandika mistari miwili iliyopinda. Mwalimu anatazama mwongozo wa usahihishaji, anatafuta maneno matano yaliyoandikwa mle, analiona moja. Anatoa alama moja. Kwa kanuni za usahihishaji mwalimu hajakosea. Mtoto naye, akisema ameonewa, hasemi uongo.

Huu ndio ugomvi wa maksi ulio mgumu kuliko yote, kwa sababu hauna mkosaji aliyeketi darasani. Uchambuzi wa majibu ya watahiniwa unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania umekuwa ukirudia mwaka hadi mwaka kwamba udhaifu katika lugha ya Kiingereza ni miongoni mwa sababu za watahiniwa kushindwa kujieleza. Mwalimu mwenye moyo hujaribu kuziba pengo: huandika pembeni mwa karatasi ni neno gani lilikosekana, au humwita mtoto amweleze jibu kwa Kiswahili ili ajue kama tatizo ni somo au ni lugha. Hiyo huchukua muda, na muda ndio kitu ambacho shule ya kata haina. Tangu ada ilipoondolewa katika elimu ya sekondari ya kawaida mwaka 2016, madarasa yamefurika. Mwalimu mmoja wa Fizikia au Hisabati anaweza kubeba mikondo yote ya shule. Anasahihisha usiku kwa taa ya sola, na karatasi ya mia mbili haisomwi kwa macho yaleyale yaliyosoma ya kwanza. Anayetaka kuzungumzia uonevu wa maksi bila kulitaja hilo hawatendei haki walimu.

Hata hivyo, maksi za mwalimu wa darasani si mambo ya darasani tu. Mizizi yake iko Musoma. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana huko iliamua kwamba mtihani mmoja wa kuandika usiwe mwamuzi pekee wa maisha ya kijana. Kazi zake za kila siku na mwenendo wake navyo vihesabiwe. Kuanzia 1976 alama za maendeleo zikaanza kuchangia matokeo ya mwisho. Lilikuwa wazo lenye utu. Lilimwondolea mtoto balaa la kupoteza miaka minne kwa sababu ya malaria ya siku moja. Ila lilimpa mwalimu mamlaka ambayo mtoto hakupewa njia ya kuyahoji. Uwiano umebadilikabadilika tangu hapo. Katika utaratibu uliotangazwa Oktoba 2013, alama 40 kati ya 100 zilitoka nje ya mtihani wa mwisho: 15 za mtihani wa kidato cha pili, 10 za mihula miwili ya kidato cha tatu, 10 za mtihani wa majaribio, yaani moko, na 5 za kazi mradi.

Hizo tano za kazi mradi zinastahili kutazamwa. Hakuna msahihishaji wa pili. Hakuna mwongozo ambao mwanafunzi ameusoma. Kazi huandikwa, hukusanywa, na namba hutokea. Alama hizo hujazwa na shule na kupelekwa baraza, na wanafunzi wengi hawajui kamwe zilipelekwa ngapi. Mtoto wa Dongobesh au wa Balangdalalu anaweza kumaliza kidato cha nne, akatazama cheti chake maisha yake yote, asijue kama ile D ya Jiografia ilitoka mkononi mwake au ilitoka kwenye daftari ambalo hakuwahi kulifungua.

Kuna watakaosema haya ni manung'uniko ya watoto wasiotaka kusoma. Historia ya karibuni ya nchi hii inawajibu.

Tarehe 18 Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dkt. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Waliopata daraja sifuri walikuwa 240,903. Waliofaulu walikuwa 126,847, yaani asilimia 34.5. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome kutafuta kiini. Miezi miwili na nusu baada ya kutangazwa, tarehe 3 Mei, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, William Lukuvi, alisimama bungeni kueleza kwamba serikali imeamua matokeo hayo yafutwe na yapangwe upya. Ilionekana kwamba baraza lilikuwa limebadili utaratibu wa kupanga madaraja mwaka huo, na mabadiliko hayo hayakuwa yameandaliwa pamoja na shule. Mwisho wa Mei matokeo mapya yakatoka. Ufaulu ukapanda hadi takribani asilimia 43, na makumi ya maelfu ya vijana wakatoka kwenye sifuri.

Lililo zito ni kwamba karatasi hazikusahihishwa upya. Majibu yalikuwa yaleyale na mwandiko uleule. Kilichobadilika ni kipimo kilichowekwa juu yake. Kijana aliyekwisha kurudi kuchunga Basotu au kulima vitunguu saumu bonde la Bashay, aliyekwisha kuambiwa na ukoo mzima kwamba hana akili, aligundua mwishoni mwa Mei kwamba alikuwa amefaulu tangu Februari. Nani alimwomba radhi?

Mwaka huohuo wa 2012 lilikuwa limeshatokea jingine. Matokeo ya kidato cha sita ya somo la Maarifa ya Uislamu yalilalamikiwa vikali na shule na jumuiya za Kiislamu. Baraza lilipotazama tena, lilikiri kwamba kulikuwa na kosa katika ukokotoaji, na alama zikarekebishwa. Wasingalipaza sauti, kosa lingalibaki kwenye vyeti.

Na vipimo havikutulia. Chukua maksi 64. Kwa viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2013, hiyo ilikuwa B+, kwa kuwa B+ ilianzia 60 hadi 74. Kwa viwango vinavyotumika sasa, 64 ni C, ya juu kabisa, iliyokosa B kwa alama moja. Katikati ya viwango hivyo viwili ukapita mfumo wa wastani wa pointi, uliotumika kwa matokeo ya 2014, kisha ukaondolewa mapema mwaka 2016 na Profesa Joyce Ndalichako, ambaye wakati wa sakata la 2012 alikuwa katibu mtendaji wa baraza na sasa alikuwa waziri. Ndugu watatu wa nyumba moja wanaweza kuwa na vyeti vya mifumo mitatu, na mwajiri akavisoma kana kwamba ni mmoja.

Kwa hiyo kuhoji namba si utundu. Oktoba 2022, mtoto mmoja wa darasa la saba mkoani Pwani alisema mbele ya kamera kwamba siku ya mtihani alibadilishiwa namba na kupewa ya mwenzake. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi akizungumza dhidi ya watu wazima wa shule yake. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, hakuweza kumpuuza, baraza likachunguza, na shule hiyo ikafungiwa kuwa kituo cha mitihani. Mtoto huyo alikuwa na kitu ambacho wenzake wa Haydom au Gehandu hawana mara nyingi: mtu mzima mwenye simu aliyekubali kumsikiliza.

Kenya ilionja shubiri hiyohiyo Novemba 2023, matokeo ya mwisho kabisa ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yalipotolewa. Wazazi waliotuma ujumbe mfupi kuuliza matokeo walirudishiwa mambo ya ajabu. Baadhi ya watoto walioandika mtihani wa Kiswahili walionekana kuwa wamefanya Lugha ya Alama ya Kenya. Baraza la nchi hiyo lilikubali kwamba kulikuwa na makosa. Uingereza nayo, Agosti 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, iliacha programu ya kompyuta irekebishe alama zilizokadiriwa na walimu. Karibu asilimia 40 ya alama hizo ziliteremshwa, na waliosoma shule zilizozoea kufanya vibaya waliumia zaidi, kwa kuwa programu ilitazama historia ya shule kabla ya kumtazama mtoto. Vijana waliandamana. Siku nne baadaye serikali ilirudi kwenye alama za walimu. Huko mwalimu ndiye aliyekuwa kimbilio, na mashine ndiyo iliyoonea.

Upo upande wa suala hili ambao haufai kupitwa kwa sababu tu watu huona haya kuutaja. Kwa msichana, "mwalimu ananibania maksi" wakati mwingine ni nusu ya sentensi. Novemba 2018, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dkt. Vicensia Shule, aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo, na mjadala ulioanza siku hiyo haujafa. Kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja kosa hilo waziwazi, na wahadhiri wamewahi kutiwa hatiani mahakamani kwa kudai mwili wa mwanafunzi ili wampe alama. Huko ni vyuoni, kwa wanawake watu wazima wenye simu na wanasheria mtaa wa pili. Katika sekondari za vijijini, ambako shule iko mbali na nyumbani na wanafunzi wa kike hupanga vyumba karibu na shule, yale wanayoyaita mageto, msichana anayeteremshiwa maksi baada ya kukataa jambo hana ushahidi zaidi ya karatasi yake. Na karatasi hiyo iko kabatini mwa yuleyule anayemlalamikia.

Inafikirisha kwamba jamii za eneo hilihili zilishafikiri juu ya namna mnyonge atakavyomshtaki mwenye nguvu. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarabaig miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya girgwageda gademga, baraza la wanawake. Mwanamume akimkosea mwanamke makosa fulani, wanawake wa jirani hukusanyika, husikiliza, hutoa hukumu, na humtoza ng'ombe. Mume hawezi kukataa. Nguvu kubwa iko kwa wanaume, lakini jamii iliona kwamba asiye na nguvu akiachwa amlalamikie mwenye nguvu peke yake, hatalalamika. Ikampa kundi, na mahali.

Shule ina vyombo vyake. Kwenye maandishi ni vingi: mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma, mkuu wa shule, bodi ya shule, afisa elimu kata, wathibiti ubora, na kwa makosa ya kinidhamu ya mwalimu, Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, yenye ofisi hadi wilayani. Kwa mtihani wa taifa upo utaratibu wa kukata rufaa, kwa ada na kwa muda maalumu. Lakini ngazi ya kwanza kabisa, ile ambayo mtoto anaweza kuifikia kwa miguu yake, ni mwalimu wa taaluma, ambaye huketi ofisi moja na anayelalamikiwa, hunywa naye chai saa nne, na mara nyingi naye anafundisha vipindi vingi. Kila kitu kinategemea moyo wa mtu huyo mmoja.

Palipo na mwalimu wa taaluma mwenye msimamo, ugomvi huwa mfupi kwa namna inayoshangaza. Karatasi zote hurudishwa. Mwongozo wa usahihishaji husomwa darasani swali kwa swali, na kila mmoja hupewa kipindi kizima kujumlisha alama zake mwenyewe. Makosa ya kujumlisha hurekebishwa palepale kwa kalamu, mbele ya wote. Jibu linalobishaniwa hupelekwa kwa mwalimu wa pili wa somo hilo, kama yupo, au wa shule ya jirani. Alama za maendeleo hubandikwa ukutani kwa namba za watahiniwa kabla hazijapelekwa baraza, na kila mwanafunzi hutia saini kwamba ameziona. Hakuna linalohitaji fedha katika hayo, wala waraka kutoka Dodoma. Linalohitajika ni mwalimu kukubali kwamba duara lake jekundu linaweza kuwa limekosea, na walimu wengi waliowahi kulikubali hilo mbele ya darasa hawakupoteza heshima hata chembe. Watoto huwa wanamwamini zaidi mtu anayefuta 4 na kuandika 7.

Kuna sababu ya kuharakisha. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, ukianza pamoja na darasa la kwanza na la tatu, na chini yake elimu ya msingi itaishia darasa la sita badala ya la saba. Ina maana kwamba mwaka 2027 makundi mawili yatamaliza shule ya msingi pamoja: la sita la mtaala mpya na la saba la mtaala wa zamani. Januari 2028 sekondari za Mbulu na Hanang, kama za nchi nzima, zitapokea kidato cha kwanza mara mbili ya kawaida, mtaala ukiwa umeongeza uzito wa kazi za vitendo na za mradi zinazopimwa na mwalimu mwenyewe shuleni. Karatasi zitakuwa nyingi zaidi, na sehemu kubwa zaidi ya hatima ya mtoto itaandikwa kwa kalamu ya mtu mmoja, usiku, baada ya vipindi. Halmashauri zinahesabu madarasa na madawati ya mwaka huo. Utaratibu wa mtoto kuona karatasi yake, kuuliza, na kujibiwa bila kuogopa, unapaswa kuwa kwenye hesabu hiyohiyo, na maafisa elimu wa wilaya wana mamlaka ya kuuweka sasa, kabla watoto hao hawajafika.